Picha ya Meno Mawili

Mtu ukae chini ya mlima wako umri wote huo, halafu uje kuonyeshwa na Mchagga! Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mkwe wangu ni wa Machame, anaishi Dodoma na binti yangu, na ile Desemba walinijia Same na mtoto wao wa kwanza. Hata uchovu wa safari haujawatoka, tuko kwenye chai, akanisogezea simu usoni.

"Mama, kumbe nyie Wapare mna jiwe maarufu namna hii na mmekaa kimya? Wazungu wanatoka kwao kuja kulipiga picha. Au mnaogopa wageni watawaomba chakula?"

Nilicheka, maana ubahili wetu Wachagga wameufanya wimbo. Nikamwambia aangalie nisimpeleke mahakamani, sisi kesi hatuichoki.

Jiwe lenyewe ni Malameni, kule Mbaga, Upare wa kusini. Habari zake kila Mpare anazo. Zamani, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini, yaani kigego, alionekana mkosi kwa ukoo mzima, akapelekwa kule juu akasukumwa. Mimi niliisikia shuleni, mwalimu akaisema kwa haraka akaingia somo lingine, nasi tukatoka kwenda kucheza rede. Sikuwahi kuiwazia zaidi ya hapo. Na sikuwahi kufika. Nimezaliwa Same mjini, nimeolewa Same, nashona nguo kwenye kibanda karibu na stendi, na milima naiona kila nikifungua mlango asubuhi. Nilikuwa nikipanda kwenye misiba tu, nikizika nashuka.

Baba yangu ndiye alikuwa hapandi kabisa. Ukimuuliza kwa nini, jibu lilikuwa hilohilo miaka nenda miaka rudi: "Mlimani kuna baridi." Alikuwa mtu wa duka, mpole, mwenye tabia moja tuliyozoea kumtania: akicheka lazima afunike mdomo kwa kiganja. Hata kwenye picha ya harusi yangu yuko hivyo, mkono mdomoni, utadhani anapiga chafya. Sisi tulijua ni adabu zake za Kiislamu za zamani.

Basi, mimi ukinipa jambo la kupanga umeniwasha. Kufika jioni safari ilikuwa yangu, mkwe kabaki abiria. Tutakodi Noah ya dereva mtu mzima, si hawa vijana wanaokata kona za mlimani kama wanafukuzwa. Tutapita njia ya Kisiwani, kijiji cha tambarare chini ya mlima, tununue matunda. Tukifika tutafikia kwa shangazi yangu, dada wa baba, ajuza anayeishi palepale Mbaga na mwanawe, binamu yangu, mwalimu mstaafu. Tutakula makande ya kwao, kesho yake twende jiweni, tupige picha. Na sare! Safari bila sare ni safari gani? Nikatoa kitenge cha bluu nilichokuwa nimekificha, nikampima kila mtu, na kwa masalio nikamshonea mjukuu wangu kishati chenye mfuko. Mkwe akasema atampiga picha kakaa ukingoni kabisa, bonde lote nyuma yake. Nikasema itapendeza sana. Mdomo wangu huu huu ulisema hivyo.

Nikatangaza kwenye kundi la ukoo la wasapu. Jamani, walivyofurahi! Maana sisi tuko pande mbili. Wa mlimani wanasali Jumamosi, sisi wa tambarare ni Waislamu. Nikiwa mdogo niliuliza imekuwaje, nikaambiwa baba alilelewa Kisiwani na rafiki wa familia aliyekuwa mfanyabiashara. Nikaridhika, maana huku kwetu nyumba za namna hiyo ni nyingi. Binamu akaandika, "Karibuni sana, mbuzi yupo." Mwingine akaahidi maziwa. Mwingine akauliza mtoto anafanana na nani.

Hilo swali la mwisho ndilo lililoniponza. Mjukuu wangu, mume wangu mdogo yule, alikuwa ametoka kuota meno. Mawili, meupe pee. Nikambeba, nikamtekenya, alipopasua kicheko nikampiga picha mdomo wazi. Nikaituma. Chini nikaandika: "Huyu hapa mwenyewe! Meno tayari, mbuzi ajiandae!"

Kimya.

Nikaona vialama vya buluu, wameisoma. Hakuna hongera, hakuna hata kale kakatuni ka kucheka. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona, nikachungulia tena. Kimya. Hawa watu ambao ukituma picha ya mche wa tangawizi wanakujazia maua! Jioni binamu ndiyo akaandika: "Dada, barabara ya huku imeharibika na mvua. Bora msubiri." Kesho yake yule wa maziwa akasema ng'ombe amekauka. Mwingine akasema kuna msiba, msiba wa nani hakutaja.

Damu ilinichemka. Nilisimama pale kibandani na tepu shingoni nikasema peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Mbuzi! Wamekaa wakahesabu sahani, wakaona tu wengi, wakaniletea barabara imeharibika! Mvua gani, na mlima ulikuwa wazi mbele yangu, hauna hata wingu? Mkwe ndiyo kabisa akapata la kusema. "Mama, si nilikwambia? Mpare akisikia mgeni anakuja na meno, lazima afiche chakula." Tukacheka wote. Nikarekodi sauti nikaituma kundini, nikawapa vidonge vyao. Nikawaambia tutakuja na mchele wetu, na mafuta yetu, na kuni tukipenda, wao watupe kivuli cha kukaa tu. Nikamaliza na salamu kwa msiba wao usio na maiti.

Siku iliyofuata, jua limesimama utosini, Noah ya mlimani ikapaki mbele ya nyumba yangu badala ya stendi. Utingo akateremsha furushi la ndizi, kisha kwa uangalifu mkubwa akamteremsha shangazi.

Nilishtuka mpaka mkasi ukanidondoka. Yule mama miguu yake ilikuwa imeshamkatalia zamani, kanisani anabebwa kwenye pikipiki. Nikamkimbilia.

"Shikamoo shangazi! Kwema? Nani kafa?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Mtoto yuko wapi?"

Hakutaka maji, hakutaka kukaa. Nikamwingiza sebuleni, binti yangu akampigia magoti, shikamoo bibi, akampa mtoto. Shangazi akampakata. Mtoto akamshika pua. Ndipo yule mzee akaweka kidole kwenye mdomo wa mtoto, akapitisha kwenye ufizi wa chini taratibu, akaenda mpaka mwisho, akarudi. Hapakuwa na kitu. Akapandisha kidole juu.

"Ya juu," akasema.

Sasa na mimi nikaona. Wallahi tena, nimemlea yule mtoto wiki nzima, nimemtekenya, nimempiga picha, nimeituma kwa ukoo mzima, na sikuwa nimeona. Jicho langu liliona meno, halikuona ni yapi. Na nilikuwa nimewatumia watu wa Mbaga, wazee waliokua chini ya lile jiwe, picha ya kigego anacheka, na maneno kwamba tunamleta Malameni.

Niliogopa. Lakini mimi nikiogopa huwa natokea mlango wa hasira.

"Shangazi, kama umeteremka mlima wote huo kuja kuniambia mambo ya ushirikina kwenye nyumba yangu, chai utakunywa na utarudi. Huyu ni mtoto. Meno ni meno!"

Binti yangu aliinuka. Akamchukua mwanawe mikononi mwa shangazi, na nilimwona akivuta ncha ya khanga kumfunika mtoto mdomo. Akasema kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele, "Mama, kama kwenu hawamtaki mwanangu waseme. Kesho narudi Dodoma. Na hatakanyaga mlima huo, leo wala akiwa mkubwa, na mimi pia sitakanyaga, hata kwa msiba."

Nikajua kwamba neno litakalofuata ndilo litakaloamua kama mjukuu wangu ana kwao au hana.

Shangazi akamtazama binti yangu, kisha ile khanga.

"Mtoe hiyo nguo mdomoni," akasema. "Hivyo ndivyo walivyomfundisha babu yako."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nikauliza, "Baba? Baba kafundishwa nini?"

Ndipo alipokaa. Akaongea akitazama picha ya harusi yangu ukutani, ile ya baba na mkono wake mdomoni.

Alisema mama yao, bibi yangu, aliyasikia yale meno kwenye ziwa kabla hajayaona. Mtoto ananyonya, akahisi kitu kikali upande wa juu. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu. Alfajiri alimfunga mtoto mgongoni, akamshika mkono shangazi, wakati huo msichana mdogo tu, wakaanza kuteremka kwa njia ya mbuzi mpaka Kisiwani. Kule alikuwa na rafiki aliyezoeana naye sokoni, mke wa mfanyabiashara Mwislamu, aliyekuwa akinunua ndizi zake na ambaye alikuwa ametoka kuzika mtoto. Yule mama hakuuliza maswali. Alifungua kifua chake palepale akamnyonyesha. Kesho yake bibi yangu akapanda mlima mgongo mtupu.

"Akawaambia nini watu?" nikauliza.

"Akawaambia tumetoka jiweni."

"Jiweni?"

"Kwamba kampeleka mwenyewe. Kwa mkono wake. Na mimi alinifundisha njiani niseme hivyohivyo. Nilisema. Watu wakampa pole. Wengine wakamsifu, wakasema mwanamke yule ana moyo, kauokoa ukoo." Akajiweka sawa kitini. "Mama yangu alisifiwa kwa hilo mpaka nywele zikawa nyeupe. Na kila siku ya soko alikuwa anashuka Kisiwani kuuza ndizi. Watu wakasema anapenda sana biashara."

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nahisi baridi na Same ile ya Desemba inachoma. Baba yangu! Yule mzee wa kupima sukari kwa kijiko, wa kutupa peremende kwa siri mama asione, alikuwa mtu aliyekwisha kuuawa. Kwa watu wa Mbaga alikuwa amelala chini ya lile jiwe. Na mimi nilikuwa nimeshona sare za bluu twende tukapigie picha.

Shangazi akaendelea, maana alikuwa ameanza na hakutaka kuachia njiani. Yule mama wa Kisiwani ndiye aliyemzoeza baba kufunika mdomo wakija watu wa mlimani sokoni, wasije wakamchungulia. Meno ya utoto yaling'oka, yakaja mengine, mkono ukabaki palepale. Baba alipanda mlimani mara moja tu, mtu mzima, kumzika mama yake. Shangazi ndiye aliyemwita na kumtambulisha kwa ukoo. Baba alipokaa kwenye benchi la waombolezaji, wazee waliokuwa wamekaa hapo waliinuka mmoja mmoja wakaenda kusimama uani. Hakuna aliyemtukana. Akabaki na benchi zima peke yake mpaka maziko yakaisha.

Mlimani kuna baridi. Miaka yote ile nikajua anaongelea hali ya hewa.

"Na hawa wa kundini?" nikauliza. "Binamu? Wanajua?"

"Wakubwa wote wanajua. Nyie wa huku ndio mlikuwa hamjui. Baba yako hakutaka."

Loo, hilo lilinichoma kuliko yote. Kwenye misiba yao yote niliyopanda, nikagawa chai, nikawatania, nikawaita bahili, walikuwa wananiangalia wakimjua baba yangu kuliko mimi. Niliangua kilio cha hasira. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikasema nitapanda peke yangu, nitasimama kwenye benchi lao, nitawaita majina yote. Mkwe akaniinua sakafuni akanikalisha kwenye kiti.

"Mama," akasema, "safari tuiache. Mimi ndiye nimeleta balaa hili na jiwe langu. Tuiache."

"Nani kasema muiache?" Shangazi alimgeukia kama mwalimu. "Sikushuka na miguu hii kuwazuia. Nimeshuka kuwachukua."

Tukamtazama.

"Mlipoituma ile picha," akasema, "mwanangu alinionyesha. Msimwone mbaya. Nusu wanaogopa, hata waliosoma, na nusu wanaona aibu, maana ile picha imewafumania. Wakakimbilia barabara na ng'ombe. Nikawaambia mimi mtoto kama huyu niliwahi kuteremka naye. Mara hii nitapanda naye. Mchana, kwenye gari, watu wakiona. Na jiwe msiwe na haraka nalo, lipo tu. Kwanza afike nyumbani."

Binti yangu alikuwa bado kasimama mlangoni, mtoto begani. Uso haukuwa umelegea hata kidogo. Ni mwanangu, namjua. "Bibi," akasema, "maneno yako nimeyasikia. Lakini siyo wewe uliyenyamaza kundini. Mimi nataka kuwasikia wao."

Shangazi akatikisa kichwa akikubali. Akaninyooshea mkono. "Nipe hiyo simu yako inayobeba sauti."

Nikamshikia kitufe. Aliisogeza mdomoni karibu mno, kama anayetaka kuila.

"Ni mimi mama yenu," akasema. "Niko Same. Mtoto wa marehemu kaka yangu anakuja nyumbani na binti yake na mjukuu. Mjukuu ameota ya juu kama kaka yangu. Nimemshika mdomoni kwa kidole changu. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kusema tumetoka jiweni, nikasema. Hatukutoka jiweni. Tulitoka Kisiwani. Sasa kila mtu amesikia. Anayeogopa aseme hapahapa nimsikie, asinitajie barabara."

Nikaachia kitufe. Ikaenda.

Tukangoja jibu. Nje upepo wa Same ulikuwa unapiga mabati. Vialama vikageuka buluu, wakaanza kusikiliza. Nilikuwa nimeshika kile kishati cha bluu bila kujua nimekichukua saa ngapi, nakikunja na kukikunjua. Nikaona jina la binamu, chini yake pameandikwa: anaandika. Likapotea. Anaandika. Likapotea tena. Binti yangu alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, pumzi yake naisikia shingoni, na mtoto juu yangu ananivuta ushungi kana kwamba hakuna linaloendelea. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga matusi yangu yote kwa mstari.

Simu ikalia. Binamu alikuwa ameandika sentensi moja, bila salamu.

"Mtoto ameshaanza kula vitu gani, tumpikie?"

Nilimsomea shangazi kwa sauti, nikarudia. Yule mzee alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akasema mjibu basi, usimweke mtu. Nikamgeukia binti yangu. Akaishusha khanga yote kutoka kwa mtoto, akamkalisha mapajani kwa shangazi, uso mbele, mdomo wazi. Akaniambia, "Mwambie."

Macho yamejaa, herufi sizioni vizuri, nikamwandikia: "Mpikieni chochote. Meno anayo."